Viatu vya Abasi

Aliyenisimulia kisa hiki ni mama mkwe wangu, Mwanaasha, hapa nyumbani Rau, Moshi, siku aliyomkuta mwanangu Rajabu anachezea viatu vya marehemu.

Nilikuwa uani napepeta mchele. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa. Alikuwa amevivuta kutoka chini ya kitanda cha bibi yake, viatu vya mpira vya njumu, vimekakamaa, na tope la mwaka 1949 bado limegandia kwenye soli. Alikuwa akilichokoa kwa vidole.

Mama mkwe alimpokonya kwa nguvu hadi mtoto akaanguka.

"Nani amempa?"

"Nisamehe, mama. Sikumwona."

Aliketi kwenye mkeka, viatu mapajani. "Hujaniuliza hata siku moja Abasi alikufa na nini."

"Niliogopa kuuliza."

"Basi leo sikia."

Abasi alikuwa mwanawe wa kwanza, shemeji yangu ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa fundi bati sokoni Moshi, na golikipa wa akiba wa timu ya hapa. Mwaka ule timu iliingia fainali ya kombe la Tanganyika nzima, na fainali ikachezwa hapa hapa Moshi. Golikipa wa kwanza alikuwa Filemon, kijana wa Kirua Vunjo. Abasi angekaa pembeni na kutazama tu.

Siku ya mazoezi wawili hao waliruka pamoja kuufuata mpira mmoja. Filemon akaanguka. Abasi akatua na njumu juu ya vidole vyake vya mkono wa kulia. Halafu akakanyaga tena.

"Mara ya pili haikuwa bahati mbaya," mama alisema. "Aliniambia mwenyewe. Vililia kama muwa unaovunjwa kwa goti."

Nahodha, Primus, alikuwa ameona. Naye ni Mchagga. Alimvuta Abasi pembeni. "Fainali utadaka, maana sina mwingine. Lakini kwanza panda Kirua, mpelekee isale. Sisi tukiletewa jani hilo hatuwezi kukataa kusamehe."

Hakumwambia jani linachumwa wapi. Na Abasi, mtoto wa mjini, aliona jani ni jani tu.

Mvua ilikuwa inanyesha na njia ya mlimani inateleza, kwa hiyo alipanda na njumu zake. Alipofika kwenye kihamba, shamba la ukoo wa kina Filemon, aliona masale yamesimama duara katikati ya migomba, juu kidogo ya mfereji. Akaingia katikati ya duara, akavunja jani moja bichi. Kitu kikapasuka chini ya mguu wake, kama kibuyu. Hakutazama.

Filemon alilipokea jani kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa vitambaa, na ulikuwa mfupi, vidole vimekatwa.

"Nimekusamehe," alisema. "Nenda kadake."

Mama yake, Bernadetha, alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama. "Isale hili umelitoa wapi, baba?"

"Hapo juu, mama. Kwenye duara."

"Ruwa, Mungu wangu!" Akainuka. Alinong'ona, kama vile kuna mtu angesikia kutoka migombani. "Pale tuliweka fuvu la babu yao, kama walivyofanya wazee. Sisi tumebatizwa. Yeye hakubatizwa. Sisi tumekusamehe. Yeye hujamwomba, umemkanyaga."

Filemon alimsindikiza hadi mferejini. Hapo akamwambia polepole, "Usidake kwa mkono wa kulia."

Siku ya fainali watu walijaa hadi juu ya miti. Mama mkwe wangu alisimama na wanawake nyuma ya goli.

"Fundi bati!" vijana walipiga kelele. "Ziba tundu hilo, leo usitumie risasi mbovu ya kulehemu!"

"Mkimfunga huyu atawatengenezea karai!" mwingine akajibu, watu wakacheka.

Timu ya Pwani ilipiga shuti la kwanza. Abasi akalidaka. Mama aliona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameona kitu kinafumba juu ya mkono wake wa kulia. Alimwambia baadaye kwamba ni kinywa. Kilishika mpira na vidole pamoja. Kikauma.

Shuti la pili. Kidole cha shahada kikavunjika.

La tatu. Cha kati.

Watu walishangilia. Hakuna mpira uliopita. Aliirukia hata ile mipira ambayo hakutaka kuidaka, mkono unatangulia, mwili unafuata. Damu ilimchirizika hadi kwenye kiwiko. Primus akafunga goli moja kule mbele. Zikabaki dakika chache, Pwani wakapata penalti.

Abasi aliweka mikono nyuma ya mgongo. Alitaka wafunge. Mama alimsikia akisema, "Ingieni. Ingieni tu."

Mpira ukapigwa.

Mkono wa kulia ukatoka wenyewe nyuma ya mgongo. Bega likalia. Mpira ukanasa kiganjani na mfupa ukatokeza juu ya kifundo, mweupe.

Moshi ikawa bingwa. Walimbeba juu juu, wakimrusha na kumdaka, naye anapiga mayowe, na wao wakidhani ni furaha. Primus alimshika mkono auonyeshe kwa watu. Vidole viwili vilibaki mkononi mwa Primus.

"Alioza kuanzia hapo," mama alisema. "Hadi begani. Hadi shingoni. Nilimwosha mimi. Kwenye kiganja kulikuwa na duara la meno ya mtu mzima. Pengo moja, mbele."

"Na viatu, mama?"

"Sikuviosha. Ni tope la mwisho alilokanyaga mwanangu."

Asubuhi iliyofuata Rajabu aliamka analia, amekunja ngumi ya kulia. Nilipomkunjua nikaona duara jekundu la meno, kubwa mno kwa kiganja kama chake. Pengo moja, mbele.

Nilichukua kiatu bila kumwomba mama ruhusa. Nilikwangua tope kwa kijiko. Kati ya njumu mbili kulikuwa na jino.

Nilimfunga mtoto mgongoni. Kwa jirani yetu Eunike nilipiga magoti nikaomba isale, akanichumia mwenyewe bila kuniuliza. Nilipanda Kirua kwa miguu. Filemon alikuwa anapogoa kahawa kwa mkono wa kushoto. Nilimwamkia shikamoo, nikampa jani, nikamwonyesha kiganja cha mtoto na lile jino. Alinipeleka hadi kwenye duara, akabaki nje.

Niliingia peku. Nilimwomba msamaha yule aliye pale, kwa sauti, mimi ambaye hata sokoni siwezi kupaza sauti. Nikaliweka jino chini na kulifunika kwa jani la mgomba.

Tuliposhuka hadi mferejini nilimtoa mtoto mgongoni nimnyonyeshe. Alikuwa ametulia. Nilimfungua kiganja.

Duara lilikuwepo. Pengo halikuwepo tena; jino lilikuwa limerudi mahali pake.