Mpini wa Upande wa Pili

Kuni zilikuwa nyingi mno. Najua, nani analalamikia kuni nyingi na mvua iko mlangoni? Lakini mke wa fundi alisimama bandani akikuna kichwa. Zilikuwa zimepangwa hadi kwenye bati, magogo yamekatwa sawasawa, na mumewe alikuwa anafanya kazi peke yake.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa watu wawili, mpini huku na mpini kule, alioacha marehemu baba mkwe. Wewe unavuta, mwenzako anavuta, ukiusukuma, unapinda. Miaka yote upande wa pili aliushika shemeji yake, mdogo wa mumewe, mcheshi yule, na alikuwa na desturi yake: akigonga mpini mara mbili, tayari, mara tatu, achia.

"Shemeji, huyu mume wako bila kugongewa hasikii," alikuwa akimtania.

Kisha shemeji akatoweka.

"Ameenda mjini kutafuta kazi," mumewe alisema.

"Bila hata kuniaga?"

"Si unawajua vijana wa siku hizi."

Basi, yakaisha. Ila lilimuuma, maana alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja.

Jioni ile alikuwa jikoni anachochea moto. Msumeno nje ulikuwa unakwenda na kurudi, kwaruu, kwaruu, bila kukwama, na kila ukirudi alisikia pumzi ya mtu aliyechoka, na mumewe hakuwa anahema namna ile. Halafu ikaja harufu ya jasho. Akatoka mbio.

Msumeno ulinyamaza umezama katikati ya gogo. Mumewe alikuwa ameushika upande wake, na mpini wa upande wa pili ulikuwa umelowa, unatikisika kidogo.

"Nani alikuwa anakusaidia?"

"Nani tena? Njoo unishikie, mke wangu. Mara moja tu, mgongo umenikatika."

Alimhurumia, jamani. Hajawahi kumwomba msaada wa kazi ngumu tangu amuoe. Akanyoosha mkono, na vidole vilipokuwa karibu kabisa kugusa mti, mpini ule ukagongwa: ko, ko, ko.

Mara tatu. Achia. Akaurudisha mkono kifuani.

"Tubadilishane," alisema polepole. "Wewe shika huku, mimi nije kwako."

Mumewe akageuka rangi. "Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Usipaze sauti, litakusikia." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Jini la msumeno. Lilitaka mtu, nikampa mdogo wangu. Sasa amechoka, hafai tena. Linataka mwingine."

"Ukanichagua mimi?"

Mumewe akageuzia macho kwenye gogo. Angekataa tu, hata kwa uongo! Miaka yote amemfulia, amemuuguza, amemtetea kwa majirani, na yeye amemhifadhi kama gogo la akiba.

Ndipo msumeno ulipoanza kwenda wenyewe, ukimvuta mumewe aliyejaribu kuachia na mikono ikakataa, akainama juu ya gogo huku akimwita mkewe kwa jina la mapenzi alilolisahau siku nyingi, na kila alivyovutwa ndivyo alivyofifia, viganja, viwiko, mabega, mpaka kikabaki kilio, kisha kilio nacho kikaingia ndani ya ile sauti ya kwaruu na hakikutoka tena. Mke akakimbilia ndani na kukomea mlango. Alilia hadi sauti ikamkauka.

Asubuhi mama mkwe alifika, akafunguliwa mlango, ukakomewa tena. Msumeno bado ulikuwa unakata. Mzee yule akaweka kikapu chini, akakaa bila kukaribishwa, akasikiliza kidogo.

"Ni nani kati ya wanangu?" akauliza.

"Wote wawili, mama." Akashtuka. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mume wangu alimpa kaka yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mwanangu, na kuni hazijawahi kutuishia." Akafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Ilitakiwa uwe wewe. Unadhani siku ile ya uchumba nilikuwa nakushika mikono ya nini?"

Mke wa fundi alikumbuka. Aliminywa mikono yote miwili, akasifiwa mbele ya ukoo wake mzima kwamba ana mikono ya kazi, na yeye akaona haya kwa furaha, akajisemea kwamba amepata mama wa pili. Lo! Hasira ilimpanda kuliko woga. Akafunga nguo zake kwenye shuka, akajitwika, akaenda mlangoni bila kuaga. Atarudi kwao. Kwao wanapikia mkaa.

Nje, msumeno ukanyamaza.

Akatoa komeo, akashika kitasa. Kilikuwa kimelowa.

Upande wa pili wa mlango pakagongwa, ko, ko. Mara mbili.

Akajaribu kuachia. Mkono ukakataa.

"Vuta, mwanangu," mama mkwe alisema nyuma yake. "Ukisukuma utaumia bure."