Mchanganyiko wa Mzee Nyalusi

Mwonjaji alitembea kwa miguu yake sita hadi ukingoni mwa chemchemi, akainama, akatoa ulimi. Ulikuwa ulimi wa kioo, mwembamba kama jani la kitunguu, na ndani yake mlikuwa na vinasasumu elfu tisa, kila kimoja kimefundishwa kutambua sumu moja tu. Akalamba maji mara moja. Watu wa Ilula walikuwa wamejaa kwenye mteremko, wakitazama.

"Viuatilifu vitatu," mashine ikasema kwa utulivu. "Sehemu nne, sehemu mbili, sehemu moja. Vimekaa ardhini miaka arobaini na mitatu. Vinatoka shamba la juu."

Makofi yakalipuka. Ilula ya mwaka 2084 ilikuwa mji wa ghorofa za nyanya. Wadudu walifukuzwa kwa harufu, roboti walipalilia, na hakuna aliyebeba bomba la dawa mgongoni kwa miaka ishirini. Hata hivyo watoto wa bondeni walikuwa wakiugua figo, na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka Dk. Ediltruda Nyalusi alipomuunda Mwonjaji baada ya miaka ishirini na sita ya utafiti.

Yeye hakupiga makofi. Vipimo vile alivijua.

Zamani wapiga dawa wa Ilula hawakusoma vibandiko vya chupa, kwani viliandikwa kwa lugha za mbali. Walichanganya dawa kwenye pipa, wakachovya kidole, wakakigusisha ulimini. Ulimi ukifa ganzi kabla ya kuhesabu kumi, dawa imeiva. Bingwa wao alikuwa Kaspari Nyalusi, baba yake Ediltruda. Watu walimletea mapipa yao ayaonje, naye alisema "ongeza" au "inatosha", na hakuna nyanya iliyooza. Alikufa kwa figo akiwa na miaka arobaini na sita, binti yake akiwa kidato cha pili. Akazikwa shambani kwake, juu ya chemchemi. Ediltruda alitunza shati lake la kazi, na sumu ya kwanza aliyomfundisha Mwonjaji aliitoa kwenye kola ya shati hilo. Nne, mbili, moja.

Baba yake mdogo, Mzee Longino, akamvuta pembeni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba mdogo."

"Umesikia mashine yako ilivyosema?"

"Nimeielewa kabla haijamaliza."

"Basi waambie ni kile kiwanda cha zamani kilicho huko juu, jirani na shamba letu. Kiwanda hakina kaburi wala wajukuu."

"Nikisema kiwanda, watachimba kiwandani, na watoto wataendelea kunywa."

"Watamwita muuaji! Daktari mzima, utamshitaki baba yako mbele ya watu?"

"Ulimi wake ndio ulionisomesha, baba mdogo. Siwezi kumwonea aibu."

Akapanda juu ya jiwe. Aliwaambia yote bila kupunguza: mchanganyiko ule ni wa nani, ulionjwaje, na ulimfanya nini mwonjaji mwenyewe. "Alikuwa fundi," akamaliza, "na sumu hii ni yake."

"Kumbe hata mashine ina ukoo!" mtu akapaza sauti, na wachache wakacheka.

Mama Gaudensia hakucheka. Mwanawe alikuwa hospitalini siku ya kumi na moja. "Daktari, ahsante kwa ukweli. Lakini shamba lile ni ekari saba. Tuanzie wapi?"

Ediltruda akamtazama Mwonjaji. Mwonjaji alijua maji. Ardhi hakuijua.

Mzee Longino akavua kofia.

"Mimi najua," akasema. "Tulichimba wawili, mimi na Kaspari. Bwana shamba alituambia mabaki ya dawa yazikwe, tukazika mapipa kumi na mawili. Mwaka uliofuata ng'ombe wa jirani walifukua udongo wa pembeni kwa kwato, wakalamba, wakafa wanne. Hapo Kaspari akaelewa. Tukawaandikia wakubwa barua, tena na tena, waje wayachukue mapipa. Hakuna aliyekuja." Akaelekeza kofia kule juu shambani. "Alipozidiwa akaniita. 'Longino, mnizike palepale, juu ya mapipa. Mtu hachimbi kaburi la mtu. Asije mtoto wa watu akapiga jembe pale.' Akaniapisha nisimwambie yeyote, hata huyu binti yake. Nami sikujua kwamba sumu inaweza kutoka yenyewe ikatembea."

Ediltruda alikaa juu ya jiwe. Maisha yake yote aliamini baba yake aliomba kulala pale kwa kulipenda shamba lake. Kila mwaka alipanda kung'oa magugu kwenye kaburi lile, akirudi na huzuni ileile. Sasa kifua kilimjaa kitu kingine, kikubwa kiasi kwamba alishindwa kukizuia kisifike machoni.

Mwenyekiti wa mji akamsogelea, amefumbata mikono.

"Roboti wa kuchimba wako tayari, Daktari. Lakini pale ni kaburini. Sisi hatuwezi kugusa bila neno la familia. Mnasemaje?"

Longino akamtazama binti wa ndugu yake. Ediltruda akafuta uso, akasimama, akakaza viatu.

"Amelinda miaka arobaini na moja, peke yake," akasema. "Baba mdogo, tangulia. Twende tukampokee zamu."