Uso wa Mwaka 1926

Unywele ulining'inia kwenye kifungo cha pili cha shati la Emil, mrefu, wa rangi ya asali, na Regula aliuona alipokuwa akimwekea mumewe sahani ya viazi na jibini. Nywele za Regula ni nyeusi, na amezikata fupi tangu alipomzaa binti yao Ottilia.

"Wa nani huu?"

"Sijui," Emil alisema, akacheka. "Mama Ottilia, mimi ni seremala. Kutwa niko na mbao na fundi mwenzangu Köbi, na Köbi ana upara."

Regula akauchomoa. Ulikuwa mzito kama waya, wa baridi. Akautupa kwenye jiko la kuni, akachungulia. Haukuungua.

Tangu hapo alianza kuhesabu nyuma, na hesabu ikamfikisha wiki tatu zilizopita, siku Emil aliporudi kutoka kijiji cha Urnäsch na kisarafu mfukoni. Miaka kumi na miwili alikuwa akikusanya zile sarafu za dhahabu za faranga ishirini, zenye kichwa cha binti mwenye msuko na milima nyuma yake, ambaye nchi nzima humwita Vreneli. Alikuwa nazo karibu za miaka yote, isipokuwa ule wa 1926, ambao ni adimu. Mzee mmoja aliyekwisha kuzika wake watatu alimwuzia kwa bei ya chini hata Emil akaona haya, naye akamwambia jambo moja tu: "Mtafutie mahali pake peke yake. Hapendi wenzake."

Emil alimweka kwenye trei ya mahameli pamoja na wote.

Basi ikawa kila akirudi kazini ananawa mikono kama mtu anayekwenda kanisani, anamshika yule wa 1926 kwa ukingo, vidole viwili tu, kwa kuwa wanaojua hawagusi uso, anamwinua kwenye mwanga wa dirisha. "Geuka kidogo," ananong'ona. "Hivyo." Regula anasimama mlangoni na mtoto kiunoni, kama mke mkubwa siku mke mdogo anapoletwa. Miaka mitano ya ndoa, hajawahi kutazamwa hivyo hata mara moja. Laiti ningekuwa mimi, aliwaza kwa wivu.

Jumamosi ukungu ulishuka mpaka kwenye vioo vya madirisha. Emil alikuwa karakanani. Regula alisikia sarafu ikizunguka juu ya mbao, vuu, vuu, kama mtoto anapoichezea, ila hii haikuanguka. Akaingia chumba cha sarafu. Kulinuka chuma kibichi na nywele zilizotiwa mafuta sasa hivi. Kwenye trei kila Vreneli alikuwa amekwaruzwa uso, wote, isipokuwa yule wa 1926, aliyeng'aa, na pembeni yake palikuwa na ile sarafu ndogo ya Ottilia, aliyopewa na mama yake wa ubatizo kama wanavyopewa watoto wote wa huko, Emil akaichukua "isije ikapotea", nayo ilikuwa na mkwaruzo mmoja, mpya, kutoka jichoni hadi kidevuni, na Regula alikuwa bado anautazama wakati mtoto alipolia, akakimbia, akajigonga mlangoni, akafika kitandani, akakuta shavu la Ottilia limechanika kutoka jichoni hadi kidevuni, na katika kingumi chake kidogo amekamata unywele wa rangi ya asali.

Regula alimpigia simu mzee Dörig, mwombeaji wa huko. Watu humpigia akiwa huko huko kwake, kwa moto uliounguza mtu, kwa damu isiyokatika, kwa ng'ombe mgonjwa. Yeye huomba tu, hataki malipo.

"Mzee, kuna kitu nyumbani kwangu," alinong'ona. "Kimemgusa mtoto."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Ni jini, binti. Ana wivu, na uso ndio nyumba yake. Mwenye kumpenda amsugue. Dawa ya meno na kitambaa kigumu, mpaka asibaki na pua."

"Emil hatakubali. Kwa wakusanyaji, kusugua sarafu ya kale ni kama kuchinja."

"Ndiyo maana itafaa. Nami nitaomba. Ila usinishukuru. Anayeshukuru amepokea, na hapa usipokee chochote, maana akifukuzwa hutafuta uso mwingine."

"Nimeelewa, mzee. Asante sana."

Ilimtoka tu. Kwao mtu hatoki hata kwa mwoka mikate bila kushukuru mara tatu.

"Lo, binti," alisema mzee Dörig, na simu ikakatika.

Emil aliporudi, Regula alimwonyesha shavu kwanza, kisha trei, akamweleza aliyoagiza mzee Dörig. Emil akakaa sakafuni.

"Usiniambie nimfanye hivyo, Regula."

"Una binti mmoja."

Emil alimsugua yule wa 1926 kwenye sinki huku akilia kimya kimya, na ndani ya povu kikaanza kilio chembamba kama cha mbu aliyenaswa sikioni, na nywele zikatoka, mafungu kwa mafungu, zikazunguka na maji zikiingia tunduni, na vioo vikatetemeka, naye akasugua, akasugua mpaka vidole vikachubuka, mpaka mkononi mwake kikabaki kipande cha dhahabu kisicho na mtu.

Jioni hiyo shavu la Ottilia lilikuwa safi. Walikula, Emil akamtania Köbi asiyekuwepo, Regula akacheka mpaka machozi.

Jumatatu asubuhi Emil alimsimamisha Regula dirishani. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, pembeni kabisa, bila kumgusa shavu. Akamtazama muda mrefu.

"Geuka kidogo," alinong'ona. "Hivyo."

Moyo wa Regula ulijaa. Miaka mitano alikuwa ameyangoja haya.

Ndipo Ottilia akalia. Emil akamwachia mara moja, akamwendea mtoto, akainama, akambusu shavuni. "Nani mzuri kuliko wote? Ni wewe, ni wewe."

Regula alibaki amesimama. Kitu cha baridi kilimpanda kifuani, cha zamani kuliko yeye, na kucha zikaanza kumwasha. Akaficha mikono mgongoni, akaishikanisha kwa nguvu zake zote, na huko nyuma vidole vyake vikakuta ncha ya msuko ulioshuka kutoka kichwani mwake, mzito kama waya.