Mlango wa Sakafuni

Redio ya Motorola ilikwaruza ndani ya kilemba cha Sindano.

"Nyumba yangu, mlango wake uko sakafuni."

"Tishari," Sindano alijibu, huku akisugua sitaha ya chombo hicho cha mizigo kinachofunguka chini.

"Mlango huo usifunguke. Ila mbona kwenye kioo changu tishari liko juu ya shimo la tope, mahali pake?"

"Shangazi, unachokiona ni kifaa chake cha kuonyesha mahali tu. Mkandarasi amekiweka kwenye boti ya shemeji yake. Sisi tuko huku kwenye miamba ya chaza. Namwona mama yangu kwa macho yangu."

Shangazi, mkuu wa idara ya upelelezi, aliita doria.

"Doria inakuja. Dakika kumi."

Ng'ambo kidogo, mama aliinama kwenye maji ya magotini, ndoo kiunoni, akiokota chaza. Alikula humo, aliuza humo. Na tishari lilibeba tani mia sita za tope la bandarini, lenye zebaki. Lilipaswa kushushwa kwenye shimo lililochimbwa chini ya bahari, kisha lifunikwe kwa mchanga safi, unene wa mita moja.

Lakini shimo hilo mkandarasi, Viatu Vyeupe, alikwishawauzia wageni. Lilijaa mapipa ya sumu ya kwao, na tope alitaka kulimwaga hapa kwenye chaza.

Mkandarasi huyo alikuwa kibandani, ananukia kama bibi harusi. Miaka sita ya kazi ya tope, kiatu hakijapata doa.

Alibonyeza kitufe cha kufungua sakafu.

Mlango haukufunguka.

Akabonyeza tena, kama mtoto anayegonga mlango wa choo.

"Makomeo ya kufunga mlango wakati wa safari, bosi," fundi alisema. "Kuna mtu kayarudisha."

"Yatoe."

"Yako chini ya tope. Aliyekuwa akiyatoa ulimfukuza jana."

"Kwa nini?"

"Ulisema ananuka."

Viatu Vyeupe alitazama tope. Akatazama viatu.

"We dada wa tambara. Shuka ukayatoe."

"Mimi niliajiriwa kusugua."

Bastola ikatoka. Ndoo ya Sindano ilifika kwanza.

Sabuni, soli laini, mteremko. Mtu mzima aliteleza kama embe lililomenywa, akazama kwenye tope hadi kwapani, bastola ikatangulia chini.

"Nitoe. Nitakulipa."

"Makomeo yako hapo hapo miguuni kwako, bosi. Papasa."

Doria ilipofika, fundi alikuwa bado anacheka.

"Mapipa yatoke shimoni," Sindano aliiambia redio. "Tope liingie mahali pake. Na mchanga mita moja, Shangazi. Nitakuja kuupima mwenyewe."

Alimtupia Viatu Vyeupe tambara, akapanda boti ya doria.

Mama hakuinua hata kichwa. Ndoo yake ilikuwa karibu kujaa.