Simu Ambayo Dada Mizani Hakuipiga

"Dada! Kioo! Dada, kioo hicho!"

Dada mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa anakata korido ya jengo la maduka saa ya mchana, simu kaibana kati ya sikio na bega, akimbembeleza bondia mmoja mkaidi apunguze masharti. Watu walipigana vikumbo, redio ya duka la nguo ikashindana na redio ya duka la viatu, na manukato ya bei rahisi yalikuwa yametanda kila mahali. Alivaa blauzi nyeupe na sketi ya buluu iliyomkaa sawasawa, visigino vikigonga sakafu ko, ko, ko. Mbele yake mafundi wawili walikuwa wamebeba kioo kikubwa kama mlango, na kilivyosuguliwa, hakikuonekana kabisa.

Mkono ukamdaka bega wakati pua yake ilikuwa karibu kukibusu.

"Pole," alisema mwenye mkono. "Ningekuacha, leo ungelala na plasta usoni."

Alikuwa mwanamume wa ovaroli ya kijivu, mabega mapana, pua iliyowahi kuvunjika ikaunga upande. Kwa mkono wa kulia alishikilia kioo. Wa kushoto ulikuwa bado begani kwa mwanamke. Mwanamke akamtazama kuanzia utosini hadi viatuni, akaisahau simu, akasahau hata kushukuru.

"Kilo sitini na tisa," alisema. "Na unapigana kwa mkono wa kushoto."

Mwanamume akacheka mpaka kioo kikatikisika, mwenzake akamkaripia kutoka ncha ya pili. "Mimi nimekuokoa, wewe unanipima kama gunia!"

"Nisamehe. Ni kazi."

"Kazi gani hiyo ya kupima waume za watu kwa macho?"

"Kwani wewe ni mume wa mtu?"

"Mimi? Hata paka wangu alinihama."

Mwanamke akacheka, na alipojisikia anacheka akashtuka kidogo, maana hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kazi yake kweli ilikuwa kupima watu. Mjomba wake, aliyemlea tangu alipobaki yatima, alikuwa mwandaaji wa ndondi anayejulikana mji mzima, na mwanamke huyu ndiye aliyemtafutia kila bondia mpinzani wa kumfaa. Mabondia walimwita Dada Mizani. Kutwa nzima aliwakutanisha watu wawili wawili, jioni akarudi peke yake kwenye chumba chake cha ghorofani, akala amesimama kando ya jiko, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia huzuni. Simu yake haikupoa, lakini kila aliyepiga alitaka pambano. Hakuna aliyepiga kumuuliza kama amekula.

Fundi Vioo, yule wa koridoni aliyeondoka na namba yake, akawa anauliza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekaa au umesimama?"

"We! Nani kakwambia nakula nimesimama?"

"Si wewe mwenyewe juzi. Hebu kaa. Nasubiri hapa hapa."

Akavuta kiti, na yule bwana akakisikia kikiburutwa, ndipo akaanza kumsimulia madirisha aliyoyatia siku ile na mama mwenye nyumba aliyetaka kioo ambacho mbu hawakioni. Mwanamke huyu alikuwa mkavu wa maneno kazini, lakini mbele ya simu ile alijilegeza kama msichana wa shule. Alimpenda. Hakuzunguka mbuyu juu ya hilo, wala hakumficha.

Fundi Vioo naye alikuwa na upweke wake. Alikuwa bondia kweli, tena mzuri, ila mkono wa kushoto ulimponza. Ngumi za wa kushoto hutoka upande usiozoeleka, na hakuna kocha anayetaka kumharibia kijana wake rekodi kwa mtu wa namna hiyo. Basi kila asubuhi alifanya mazoezi, kisha akaenda kubeba vioo, simu mfukoni, akingoja pambano kubwa ambalo haliji. Miaka ilikuwa inakwenda.

Ndipo pambano la Mjomba likavunjika.

Mabango yalishabandikwa, tiketi zimeuzwa, televisheni imeahidiwa. Bingwa wa Mjomba alikuwa acheze na mgeni mwenye jina kubwa, na zikiwa zimebaki siku chache tu, mgeni akavunjika mkono mazoezini. Mjomba aliingia ofisini tai imelegea, jasho linamtoka.

"Mwanangu, nimekwisha."

"Hujakwisha, Mjomba. Nitakutafutia mbadala."

"Mtafute. Ila wa mkono wa kushoto sitaki. Atamvuruga bingwa wangu."

"Sawa, Mjomba," alijibu upesi mno, na moyo wake ukatulia kwa amri ile.

Maana yeye alijua mbadala ni nani. Mbadala huletwa kupigwa. Huitwa ghafla, hana matayarisho, ukumbi mzima unamzomea, na kazi yake ni kusimama kiasi cha kutosha ili watu wasidai wameibiwa. Dada Mizani amewachagua wengi. Amewaona wakitolewa ulingoni wakiwa wameshikiliwa makwapa, akarudi nyumbani akashindwa kumeza tonge. Mtu aliyemkalisha kitini kwa njia ya simu hakutaka kumwona amelala sakafuni kwa uchaguzi wake yeye.

Akawapigia wote wa uzito ule. Aliyestaafu akampigia, anayeumwa goti akampigia, hata mmoja aliyeacha ndondi akawa mhubiri akampigia. Fundi Vioo hakumpigia. Jioni alipoulizwa kama amekula, alisema ana kazi nyingi, akakata.

Lakini katika ndondi simu isiyolia nayo husikika. Pambano likivunjika, mabondia wote wa uzito huo hukaa roho juu, na ikifika kesho kila mmoja anajua nani kapigiwa na nani kaachwa. Aliyeachwa ameshapimwa akaonekana hafai hata kupigwa. Dada Mizani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mapenzi yalimsahaulisha.

Kesho yake Fundi Vioo alisimama mlangoni kwake, shati limepigwa pasi, uso hauna hata chembe ya utani.

"Umempigia mhubiri," alisema.

"Ingia ndani kwanza, mpenzi."

"Mhubiri! Mtu ana kitambi, hajavaa glovu tangu alipookoka! Mimi nimesikia gym, mbele ya watu, wananicheka. Wanasema, huyu analala na mizani na bado mizani imemkataa."

"Mjomba kakataza wa kushoto."

"Na wewe ukashukuru Mungu."

Mwanamke akaushika mlango. Angekana, lakini uongo haukumjia.

"Uliniona wapi dhaifu?" aliuliza Fundi, na sasa sauti ilimshuka. "Niambie tu. Wengine wananikimbia kwa kuniogopa, hilo nimelizoea. Wewe umenionea huruma. Huruma sijui nitaiweka wapi."

"Sikutaka upigwe."

"Mimi ni bondia, mama. Ulitaka nifanywe nini?"

Akashuka ngazi. Mwanamke aliita mara moja, kisha akaona majirani wamechungulia, akafunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta. Usiku alikaa mezani kama alivyofundishwa, sahani mbele yake, na kiti cha pili kikawa kikubwa kuliko chumba. Alijaribu kuzungumza na redio. Redio ilikuwa na mambo yake.

Na mbadala naye hakupatikana. Wa goti alishindwa vipimo. Mstaafu alikatazwa na mkewe. Mhubiri alisema ataomba kwanza, na mpaka leo hajarudisha majibu. Mjomba akaja ofisini macho mekundu.

"Basi! Mlete hata wa kushoto. Si yupo yule fundi? Nasikia mnajuana."

Angeweza kusema anaumwa. Neno moja tu, na Mjomba angeamini, maana tangu utoto hajawahi kumdanganya. Pambano lingekufa, hasara ingekuwa kubwa, na yule bwana angebaki mzima wa viungo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kisha akapiga moyo konde, akachukua mkoba.

Alimkuta kwenye duka jipya, ndani, akisugua kioo cha mbele kilichokwisha kutiwa. Mwanamke akasimama upande wa barabarani. Wakatazamana, na hakuna sauti iliyopita. Akatoa simu, akampigia. Akamwona akiitoa mfukoni, akiitazama, akiiacha iite. Mara ya pili akapokea.

"Haloo," alisema Fundi, macho yapo kwake.

"Napiga kutoka ofisi ya mapambano. Kuna pambano Jumamosi, raundi kumi, na bingwa. Mpinzani kaumia, tunahitaji mbadala. Nakupigia kwa sababu wewe ni bondia wa uzito huo na uko tayari."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu nimewamaliza wengine wote. Sikudanganyi." Akasogea karibu na kioo. "Na mara ya kwanza sikukupigia kwa sababu nakupenda. Nilikuamulia, na haikuwa haki yangu. Kupenda nitaendelea. Kukuamulia nimeacha."

Fundi alipitisha kitambaa kwenye kioo, mahali ulipokuwa uso wa mwanamke.

"Unadhani nitashinda?"

"Hapana. Nadhani hutaanguka."

"Ungesema nitashinda, ningekata simu." Akavuta pumzi. "Nakubali. Ila Jumamosi usinijie. Wewe kaa kwenye meza ya mjomba wako. Nikikuona upande wangu, nitakumbuka ile huruma."

"Sawa."

"Umekula?"

Mwanamke akatikisa kichwa, machozi yakamtoka pale pale barabarani, watu wanapita, na yule bwana akakata simu kwa sababu naye alikuwa analia.

Jumamosi jioni ukumbi ulifurika. Dada Mizani alivaa gauni refu jeusi na hereni alizopewa na Mjomba, akakaa meza ya waandaaji, mikono juu ya mapaja. Mpanga mapambano hashangilii mtu. Hiyo ndiyo heshima ya kazi, na Mjomba alikuwa amemfundisha tangu alipoanza.

Bingwa aliingia kwa ngoma na taa. Mbadala aliingia kwa zomeo, na kocha mmoja nyuma yake amebeba ndoo. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili yake.

Raundi za mwanzo mkono wa kushoto uliwatia watu wasiwasi. Bingwa alikuwa akipigwa asikotazamia, na Mjomba akaanza kutafuna ncha ya tai. Lakini pumzi ya mbadala haikuandaliwa kwa safari ndefu. Raundi ya nane mikono ikaanza kushuka, polepole, mpaka kiunoni. Bingwa akaona. Ukumbi ukaona, ukasimama, ukapiga kelele amalizwe.

Dada Mizani hakujua amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mume wangu!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Mume wangu, inua mikono!"

Meza nzima ikageuka. Waamuzi wakageuka. Mtu wa televisheni akageuka na kamera yake. Mjomba akatoa macho, asijue atazame pambano lililopo ulingoni au aibu iliyopo kando yake. Yeye aliendelea kupiga kelele, hereni moja imedondoka, mpaka kengele ya mwisho.

Mbadala alishindwa kwa pointi. Alikuwa amesimama.

"Kesho usije ofisini," alisema Mjomba, akiokota kiti. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Nani ataniamini tena, mwanangu? Mpanga mapambano ana mume ulingoni."

"Najua, Mjomba. Nisamehe."

"Nenda basi. Anakungoja nani hapa?"

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa na jasho. Kocha alikuwa ametoka kutafuta barafu. Fundi Vioo alikaa kwenye benchi peke yake, jicho moja limefumba, bandeji zikining'inia vidoleni. Mwanamke akasimama mlangoni, gauni lake refu linafagia maji sakafuni.

"Nimefukuzwa kazi," alisema.

"Umefanya nini?"

"Hukusikia?"

"Ulingoni husikii kitu, mpenzi. Ni mvumo tu, kama kichwa kipo ndani ya ndoo. Kwani ulisema nini?"

Mji mzima ulikuwa umesikia, isipokuwa yeye. Dada Mizani aliona aibu ikimpanda, akatazama chini, akacheka kidogo, akafuta pua. Kupiga kelele kulikuwa rahisi kuliko hivi.

"Nilisema," alianza, sauti ndogo haifiki hata ukutani, "mume wangu, inua mikono."

Fundi alimtazama kwa jicho lililobaki wazi. Kisha, mabega yakimuuma mpaka akakunja uso, akainua mikono yote miwili, akaifungua, na mwanamke akaingia katikati yake.