Video Iliyotulia

Kila siku akitoka shule, Studio alifanya mambo manne, na hakuna siku aliyoyapindua. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaingia chumbani kumpa bibi yake shikamoo, kisha akaichukua simu ya zamani ya mama yake iliyokuwa kwenye chaji juu ya kabati. Hilo la nne ndilo lililompa jina. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio, lakini mtaani na nyumbani wote walimwita Studio, kwa sababu tangu akiwa na miaka tisa hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kurekodiwa. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na paka wa jirani alikuwa amerekodiwa zaidi kuliko bibi harusi yeyote.

Tatizo ni kwamba video zake hazikutazamika. Alikuwa na haraka ya miguu na haraka ya mkono, na simu iliruka pamoja naye. Mama yake, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alisema kwamba kutazama video za Studio ni sawa na kupakiwa kwenye toroli na kushushwa ngazi. Watu walicheka, na Studio naye alicheka, ingawa moyoni ilimuuma kidogo.

Kisha bibi akapata kiharusi, na kicheko kikaadimika nyumbani. Bibi alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Mguu na mkono wake wa kulia vilikufa ganzi asubuhi moja akiwa anatia uzi kwenye sindano. Mkono ulianza kurudi polepole, mguu ukawa mkaidi. Cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilisogezwa karibu na dirisha la sebuleni na kufunikwa kitambaa cheupe. Bibi aliapa kwamba ataifikia kwa miguu yake mwenyewe, na ataikanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Hakutaka kingine chochote duniani.

Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo walikwenda mara moja tu kila baada ya miezi mitatu kumwona mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Bibi alimwita "mtesaji wangu", lakini alimpenda. Mtaalamu huyo aliomba kila wiki atumiwe video ya bibi akitembea kwenye korido ya nyumbani na fremu yake ya chuma ya kuegemea, kwenda na kurudi, ili aone miguu inavyofanya kazi. Kazi ya kurekodi ikamwangukia Studio, na nani mwingine?

Video ya kwanza ilipotumwa, mtaalamu alipiga simu.

"Mwanangu, nimeitazama mara tatu," alisema. "Sijui kama anayeyumba ni bibi au ni wewe. Wiki ijayo nitumie video iliyotulia."

Balaa lilianzia kwenye neno hilo. Studio na wenzake darasani, kitu kikiwa kizuri, walisema kimetulia. Viatu vipya vimetulia, wimbo umetulia, hata mwandiko wa mwalimu ubaoni ulikuwa umetulia. Kwa hiyo Studio alisikia kwamba anatakiwa kutuma video nzuri, video ya kupendeza, na hakuuliza zaidi.

Alimweleza mjomba wake shida yake. Mjomba alikuwa mpiga video za harusi, na Jumamosi hiyo alikuja kumwona bibi, mama yake mzazi, akiwa na mfuko mdogo mweusi. Ndani mlikuwa na kishikio kilichochubuka rangi, na juu yake mkono mfupi wenye makucha ya kubana simu. Ukipindisha kiganja, injini ndogo zilizofichwa humo huirudisha simu mahali pake, ikabaki imenyooka. Mjomba alikiita Mtulivu, akasema huyo ndiye mtulivu pekee katika ukoo mzima.

Studio alitaka kuanza papo hapo. Alibandika simu upandeupande, akawasha, na Mtulivu akanguruma, akatetemeka, kisha akageuza simu ikatazama ukuta kama mtu aliyesusa. Mjomba alikizima kifaa kwa upole. Alimfundisha kusogeza simu kidogo kidogo kwenye makucha hadi ikae sawa yenyewe kabla ya kuwasha, la sivyo injini zinachoka na kupata moto bure. Alimwonyesha kubana viwiko mbavuni, kukunja magoti kidogo, na kuweka kisigino chini kwanza kisha vidole, taratibu. Mtulivu huzuia simu isipinde, alieleza, lakini hawezi kuzuia miguu inayorukaruka. Hiyo ni kazi ya magoti.

Basi kila alasiri korido ikawa na wanafunzi wawili wa kutembea. Bibi alikuja na fremu yake, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na mbele yake Studio alirudi kinyumenyume akiwa amekunja magoti kama mtu anayetaka kukaa na hajaona kiti. Bibi alisema nyumba hii sasa ina watu wawili wasiojua kutembea, na mmoja wao hana hata kisingizio cha ugonjwa. Walicheka mpaka bibi akasimama kupumzika.

Siku saba hivi zikatosha. Picha ilianza kuteleza laini, na kandambili za bibi zikaonekana vizuri hadi kamba zake. Lakini kadiri picha ilivyokuwa safi, ndivyo kitu kingine kilivyojitokeza. Kwenye kona ya mlango wa jikoni, pale bibi alipogeuka kurudi, vidole vya mguu wa kulia havikuinuka. Vilikwaruza sakafu, vikanasa, na bibi akakamata ukuta haraka. Ilitokea kila siku, mahali palepale.

Bibi alipoonyeshwa, aliitazama simu kwa muda, uso ukamshuka.

"Hapo pakate," alisema. "Sitaki mtesaji wangu anione ninaparura chini kama kuku."

Studio alimhurumia. Zaidi ya hapo, aliambiwa atume video iliyotulia, na hapo hapakuwa pametulia hata kidogo. Akakata pale vidole vilipokwaruza, akaunganisha mwanzo wa kugeuka na mwisho wake, na mahali pa kuunganishia pakapotea kabisa. Mama aliporudi kutoka kazini na unga kwenye nywele, aliitazama akilia kwa furaha, akairudia. Mjomba aliandika ujumbe wa neno moja: imetulia. Wiki iliyofuata Studio alikata tena, na iliyofuata tena, na sasa hata hakusubiri kuambiwa.

Wiki ya nne mtaalamu alituma ujumbe wa sauti. Alisema amefurahishwa sana na jinsi bibi anavyogeuka. Kuanzia Jumatatu aache fremu, atembee kwa fimbo.

Bibi aliomba asikilizishwe ujumbe huo mara tatu. Alianza kupanga atakachoshona kwanza, na akaamua kitakuwa sketi ya shule ya Studio. Studio alijua kuhusu ile kona, na alijua mtaalamu hajui. Alifungua mdomo aseme, akamwona bibi anapima kiuno chake kwa macho huku anatabasamu, akaufunga.

Jumatatu alasiri bibi alishika fimbo. Studio alikuwa mbele yake na Mtulivu mkononi, viwiko mbavuni, magoti yamekunjwa. Kwenda kulikwenda vizuri. Kwenye kona ya mlango wa jikoni bibi aligeuka, vidole vikanasa, na safari hii hapakuwa na fremu. Studio alitupa alichoshika akajirusha mbele. Bibi alimwangukia, wakaenda chini wote wawili, na fimbo ikabingirika hadi jikoni.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja akapapasa kila mfupa. Hakuna kilichovunjika. Kifundo cha mkono wa bibi kilivimba, na goti la Studio lilichunika. Mtulivu alikuwa na ufa kwenye kishikio, lakini bado aliwaka. Muuguzi alisema wana bahati.

Bibi hakuona bahati yoyote. Siku mbili hakunyanyuka kwenye kiti isipokuwa kwa lazima. Siku ya tatu alimwambia mama waache kumhangaisha na mazoezi, na ile cherehani wampe mtu mwenye miguu. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Studio kuliko kuanguka kwenyewe.

Alimfuata mama jikoni, akasimama pale pale kwenye kona.

"Mama, mimi ndiye niliyemwangusha bibi," alisema. "Kila wiki alikuwa ananasa hapa. Nilikuwa nakata."

Mama aliweka sufuria chini, akakaa kwenye kigoda. Aliuliza kama video nzima nzima bado zipo. Zilikuwepo, kwa sababu Studio hakuwahi kufuta kitu maishani mwake, hata paka.

"Basi mpigie mtaalamu umwambie," mama alisema. "Utasema mwenyewe. Mimi nitakaa hapa karibu yako."

Studio alipiga, akasema. Alifika mwisho bila kuacha kitu. Alipokuwa akieleza, sauti ya bibi ilitoka chumbani, ikimwita mama.

"Mwambie na mimi nilimtuma. Mara ya kwanza nilimtuma mimi. Asijibebeshe peke yake."

Mtaalamu aliomba atumiwe video zote kama zilivyo, pamoja na ile ya kuanguka, ambayo nusu yake ilikuwa dari tupu na sauti za watu wawili wakiitana. Baada ya saa moja alipiga tena, na mama akaweka sauti ya juu ili bibi naye asikie.

Alieleza kwamba msuli unaoinua vidole vya mguu wa kulia bado umelala, na jambo hilo lilionekana wazi tangu wiki ile ya kwanza ya picha safi. Lina dawa yake. Kuna mkanda mgumu wa kushikilia kifundo cha mguu, na kuna zoezi la kuinua vidole mara hamsini kwa siku. Bibi atarudi kwenye fremu kwa muda, kisha fimbo itakuja kwa wakati wake. Angeyaona yale mapema, angeanza naye mapema. Wiki tatu zilikuwa zimepotea.

"Lakini ulisema iliyotulia," Studio alinong'ona.

Upande wa pili mtaalamu akacheka kidogo, kicheko cha huruma. Alisema hata watoto wake husema hivyo, naye alipaswa kukumbuka.

"Nilitaka mkono wako utulie, mwanangu, ili nimwone bibi anavyoyumba. Wewe ukamtuliza bibi pia. Najua ulifanya kwa mapenzi, na yeye aliona haya, sikulaumuni. Lakini mimi natibu ninachokiona. Mkinificha, nitatibu mtu mwingine ambaye hayupo."

Chumbani kiti kililia. Bibi alikuwa anajaribu kunyanyuka, na alikuwa anaita aletewe fremu.

Mkanda uliletwa na mjomba kutoka hospitali. Aliutazama ufa wa Mtulivu, akauzungushia utepe mweusi, akasema kovu hilo ni la heshima. Kila alasiri bibi alikaa akiinua vidole huku Studio akihesabu kwa sauti, na bibi akimtuhumu kwamba anaruka namba kwa makusudi ili zoezi lisiishe. Wiki ya kwanza vidole vilitikisika tu. Wiki ya tatu viliachana na sakafu. Wiki ya sita mtaalamu aliwaambia wachukue fimbo.

Mama aliomba ruhusa kazini siku hiyo, akasimama nyuma ya bibi bila kumgusa. Studio alikaza simu kwenye makucha, akahakikisha inakaa sawa, akawasha. Bibi alianza. Kwenye kona ya mlango wa jikoni aligeuka, na vidole vikainuka, vikapita juu ya sakafu na kutua. Hatua ya tatu mbele bibi akayumba, akaegemeza kiganja ukutani.

Kidole gumba cha Studio kilisogea chenyewe kuelekea kitufe cha kusimamisha.

"Usikate," bibi alisema, bila kumtazama.

Hakuishia mwisho wa korido. Aliingia sebuleni, hatua kwa hatua, mpaka dirishani, akakaa mbele ya cherehani na kuvuta kile kitambaa cheupe. Aliweka mguu wa kulia kwenye pedali, akakanyaga. Gurudumu lilizunguka nusu, likasita, likarudi nyuma. Studio aliinua macho kutoka kwenye simu, asijue la kufanya.

"Na hilo pia mpelekee," bibi alisema, machozi yakimtiririka naye hayafuti. "Leo nimezungusha nusu, mwonyeshe nusu. Mtu anayekusaidia mpe ukweli wote, hata ukikuaibisha, maana huo ndio atakaoshika akuinue. Siku nitakayoshona sketi yako nzima, utamwonyesha sketi nzima."

Studio aliituma kama ilivyo, kuyumba na nusu ya gurudumu ndani yake. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kukunja kitambaa cha cherehani, nalo lilikuwa fupi.

"Hii sasa imetulia."