Mama wa Batoto Batatu, Ukurasa wa Saba

— Sidonie, ni nani alikutuma kuongea na batu ba gazeti?

Joël, mchumba wangu, hakunisalimia hata kidogo kwenye simu. Yeye alikuwa Kakoba, Mbarara, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Mimi nilikuwa kambini Rubondo kwenye foleni ya maji, dumu miguuni.

— Hakuna mutu alinituma. Ule dada alikuja kuuliza habari ya mihogo.

— Basi wameandika, "Sidonie, mama wa watoto watatu." Na picha yako, ukurasa wa saba! Mama yangu amekasirika mubaya. Doti ya Jumamosi, ile mahari yako, imesimama.

— Lakini unajua hao ni batoto ba marehemu dada yangu!

— Mimi najua. Batu ba Kampala wanaosoma hawajui. Wasahihishe, ama mama haji.

Jamani! Kwetu Kivu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi. Nilimwambia mwandishi "batoto bangu" kama ninavyosema kila siku. Ndiyo yanivunjie ndoa?

Kesho yake nikaenda Mbarara, kwenye ofisi ya gazeti. Clare, yule mwandishi, alinipokea kwa tabasamu, na hilo likazidi kuniudhi.

— Nyabo, dada, mimi naandika kile wewe nasema. Wewe ilisema "batoto bangu".

— Ndiyo, lakini sikuwazaa!

— Hakuna shida. Wakubwa wa Kampala nataka maneno yako mwenyewe. Sema, "Hao si watoto wangu." Kesho kutwa inatoka.

Kalamu alikuwa ameshaishika. Nikamwambia nitampigia simu.

Nilirudi Rubondo nimevimba kwa hasira. Nikamkuta Eliane, mkubwa wa watoto hao watatu, anafunika daftari lake la hesabu kwa karatasi ya gazeti. Ukurasa ule ule! Uso wangu katikati ya jalada.

— Umeitoa wapi?

— Mwalimu alinipa. Mama, ona! Gazeti ya Kampala yenyewe inasema uko mama yetu. Sasa hakuna mutu ataniita yatima ku masomo.

Nikatoka nje, nikampigia Joël, nikamweleza maneno anayoyataka Clare.

— Sitasema.

— Sidonie, ni maneno ine tu!

— Basi njoo uyaseme wewe, mbele ya Eliane. Ukishindwa, oa hiyo gazeti!

Nikakata. Nililia, tena kwa hasira. Siku tatu nzima hakupiga.

Jumamosi asubuhi nilivaa nguo ya shamba makusudi, mtu asije akadhani namsubiri yeyote. Nikiwa natafuta jembe, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Joël.

"Nimempigia ule Clare. Nimemwambia kosa iko moja tu, alisahau kuandika jina ya baba yao. Niko mu njia na mama. Amenuna, lakini anakuja."

Nikausoma mara mbili. Nikajitazama: matope mpaka magotini.

— Eliane! Niletee maji ya kuoga, haraka! Baba yenu anakuja!